Tisa Hadi Moja: Kompyuta ya Gemu Itakayoliweza Jua la Garissa

Mpwa wangu aliingia uani baada ya alasiri, jasho likimtiririka, simu mkononi. Nyumba yetu iko mtaa wa Iftin, na jua la Machi halimhurumii anayekuja kwa miguu. Alikuwa na shilingi elfu sitini: nusu amezichuma kwa kupiga chapa na kutoa fotokopi za watu, nusu ameongezewa na mamake. Alikuwa pia na orodha ya vifaa vya kompyuta ya gemu. Cha kwanza kwenye orodha: feni sita zenye taa za rangi saba.

"Abti," nikamwambia, "umenunua matandiko ya ngamia. Ngamia mwenyewe yuko wapi?"

"Ngamia anakuja, abti."

Kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina hilo hilo moja. Jirani akisikiliza mabishano yetu kupitia uzio, hajui nani anamfundisha nani.

Nilimketisha mkekani. Nimefungua na kufunga kompyuta mjini hapa kwa miaka mingi, na jambo moja naliamini kwa dhati: ushauri mwingi anaoupata kijana anayeanza umetungwa kwa ajili ya chumba chenye nyuzi ishirini, stima isiyokatika, na duka lililo mtaa wa pili. Garissa joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, vumbi huingia hata palipofungwa, stima ina siku zake, na kaunta ya kurudishia kifaa kibovu iko Nairobi, kilomita zipatazo 370. Kwa hiyo foleni ya umuhimu hugeuka. Tuliihesabu pamoja tukishushia chai ya maziwa ya ngamia, kuanzia kitu ambacho ukikikosa bado utalala usingizi, mpaka kile ambacho ukikikosea kitakula pesa za vingine vyote.

9. Taa za rangi

Haziongezi hata fremu moja kwenye gemu. Pesa zikibaki, nunua. Zisipobaki, cheza gizani.

"Lakini zinapendeza usiku, abti."

"Na usiku stima ikipotea, zinapendeza vipi?"

8. Monita, kibodi na kipanya

Monita ya ofisi iliyotumika, inchi 22 au 24, yenye nukta 1920 kwa 1080, inatosha kabisa. Kadi za bei yetu hucheza vizuri kwa kiwango hicho. Monita ya Hz 144 kwa mashine inayotoa fremu 60 ni kumfunga punda wa maji spidomita.

Geuza monita uangalie matundu ya nyuma kabla hujalipa. Kompyuta nyingi za ofisi kutoka Uingereza hutoa picha kwa DisplayPort, na monita za bei ya chini kabisa zina VGA peke yake. Utajikuta na vifaa viwili vizima visivyosalimiana, na adapta ya kuvipatanisha nayo ina bei yake.

Kibodi, yoyote isiyokwama herufi. Kipanya ndicho cha kuongezea pesa kidogo, kwa sababu mkono wako utakaa pale muda wote. Na kwa anayepanga kutumia televisheni ya nyumbani: ile ni ya taarifa ya habari ya nyanya. Ukimkatizia kwa eFootball, hakuna kadi ya grafiki itakayokuokoa.

7. Kasha

Ukinunua kompyuta nzima iliyotumika, kasha linakuja nalo na mjadala umekwisha. Ukijenga mwenyewe, tafuta lenye uso wa wavu, feni mbili mbele zikivuta na moja nyuma ikisukuma nje. Makasha yenye uso wa kioo kitupu hupigwa picha vizuri, ila hewa haipiti kwenye kioo. Kioo kiachie kabati la vyombo.

6. Diski

Hapa kijana alikuwa na msimamo: diski kubwa ya kuzunguka, TB 1, kwa sababu gemu ni nzito. Hesabu yake ya nafasi ilikuwa sahihi. GTA V, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015, inataka zaidi ya GB 70, na iko foleni na wenzake. Alichosahau ni kwamba diski ya kuzunguka ya zamani huifanya mashine nzima itambae. Windows ikilala kwenye SSD huamka kwa sekunde. Kwenye diski kuukuu unaweza kwenda kutawadha ukarudi.

SSD ya GB 500 ndiyo iwe ya kwanza. Diski ya kuzunguka iliyokuja na kompyuta usiitupe, iwe ghala la gemu ambazo huzichezi wiki hii. Ukiuziwa diski iliyotumika, omba waifungue programu ya CrystalDiskInfo mbele yako. Ni ya bure, na inaonyesha diski imefanya kazi saa ngapi na afya yake ikoje. Ukienda kununua ng'ombe sokoni unamfungua mdomo uone meno. Diski nayo ina meno, na yanasomwa pale.

Kwa wenzangu wanaolia kuhusu bando: gemu za Steam zinaweza kunakiliwa kutoka kompyuta ya rafiki kwa diski ya nje, na akaunti yako yenye gemu hiyo itapakua kilichopungua tu. GB 70 kwa waya ni muda wa gilasi moja ya chai. GB 70 kwa bando ya simu ni mazungumzo mazito na mama.

5. RAM

GB 16, na ziwe vipande viwili vya GB 8. Kompyuta husoma vipande viwili kwa wakati mmoja, njia mbili badala ya moja, na tofauti huonekana kwenye gemu, hasa kwa mashine isiyo na kadi ya grafiki, ambayo hukopa RAM hiyo hiyo kwa ajili ya picha.

Mambo mawili humnasa anayeanza. DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, hata ukiisukuma kwa bismillahi. Mkato wa chini umewekwa mahali tofauti makusudi. Na RAM ya laptopu ni fupi, ya kompyuta ya mezani ni ndefu. Vile visanduku vidogo vya ofisi vinavyoenea mkononi hutumia ile fupi.

Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote, kwa kuwa viwanda vinapeleka chipu zake kwenye seva za akili unde. Kwa hiyo kompyuta iliyotumika inayokuja na GB 16 tayari ndani yake ni bahati. Usimwache muuzaji akuambie atakupunguzia elfu mbili akitoa kipande kimoja.

4. Prosesa na mazabodi yake

"Abti, duka limesema ni i7!"

"I7 ya kizazi gani?"

Kimya.

Nilimtazama kijana ambaye tangu akiwa na miaka sita anaweza kuhesabu babu zake, mmoja baada ya mwingine, hadi wa kumi na kupita. "Unajijua wewe ni wa nani na wa nani na wa nani," nikamwambia, "halafu unataka kumleta nyumbani i7 bila kumuuliza ukoo?"

Ukoo wa prosesa za Intel za miaka hiyo umeandikwa kwenye namba inayofuata kistari. i7-2600 ni kizazi cha pili, ya mwaka 2011. i5-8500 ni kizazi cha nane, ya 2018, ina viini sita, na inaiacha mbali ile i7 yenye viini vinne ingawa jina la i7 linajaza mdomo. Herufi na tarakimu ya mwanzo ni cheo tu. Kizazi ndicho nasaba.

Kizazi cha nane nimekitaja kwa sababu. Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel huanzia, kwa orodha rasmi, kizazi cha nane. Kuna mbinu za kuingiza Windows 11 kwenye mashine kongwe, lakini zipo gemu mpya za risasi ambazo programu zao za kukamata walaghai hudai usalama wa chipu ya TPM 2.0 na Secure Boot. Anayeanza hastahili kupigana vita hivyo siku ya kwanza. Mashine za kizazi cha tatu na cha nne bado zimejaa madukani, ni za bei ya kuvutia, na kwa eFootball ya jioni zinafaa. Kama hicho tu ndicho unachotaka, nunua kwa moyo mweupe. Kama unataka mashine ya miaka minne ijayo, anzia cha nane.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kompyuta ya ofisi iliyotumika, eksi-UK kama tunavyoziita, mfano Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4, ile ya kasha la wima kubwa. Kasha jembamba, mara nyingi lenye herufi SFF kwenye jina, liache: kadi ya kawaida haiingii na pawa saplai yake ni ndogo. Ya pili ni kujenga kwa soketi ya AMD iitwayo AM4 na prosesa ya Ryzen 5 5600G, iliyotoka 2021. Hiyo ina grafiki ndani yake, hivyo unaweza kuanza kucheza Valorant, Counter-Strike 2 na hata GTA V kwa picha za chini bila kadi yoyote, kisha ukaongeza kadi mwakani. Kwa mwenye mshahara wa kidogo kidogo, hiyo ni njia ya heshima sana.

Kwa elfu sitini za mara moja, hukumu yangu ni ile ya kwanza. Unapata prosesa, mazabodi, RAM, kasha na pawa saplai vilivyokwisha kuishi pamoja miaka kadhaa bila talaka.

Mtego mmoja kwa wajenzi: soketi ya Intel 1151 ina sura moja na tabia mbili. Mazabodi ya kizazi cha sita na cha saba ina soketi 1151, prosesa ya kizazi cha nane nayo ni 1151, zinakaa vizuri, na hazifanyi kazi pamoja. Na mazabodi kongwe za AM4 zinaweza kuhitaji kusasishwa BIOS kabla ya kuipokea 5600G. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako au mbele ya mtu wako.

Tusimame Mwingi kidogo

Basi za Garissa husimama Mwingi watu wanywe chai, nasi tusimame, kwa sababu kabla ya kufika tatu bora kuna swali la kununua wapi na vipi.

Watu wetu wakifika Nairobi huanzia mtaa wa Eastleigh, na wana haki: pale ndipo Garissa Lodge, iliyokuwa nyumba ya kulala wageni, ilipogeuka soko mwanzoni mwa miaka ya 1990, chumba kwa chumba, na kuufungulia mtaa mzima njia ya maduka ya ghorofa. Kwa simu na televisheni sina neno nao. Kwa vipande vya kompyuta ongeza safari hadi katikati ya Nairobi, Luthuli na barabara zinazoizunguka, ukalinganishe maduka matatu kabla ya kufungua mkoba. Ukituma mtu, mtume anayejua tofauti ya RAM ndefu na fupi. Binamu mwenye nia njema amewahi kumletea mtu hapa kadi ya mtandao badala ya kadi ya grafiki, na akaomba nauli.

Kompyuta ikija kwa basi, kadi ya grafiki itolewe na isafiri peke yake ndani ya nguo. Ni nzito, inaning'inia kwenye tundu lake, na matuta ya barabarani huipasua mazabodi. Risiti iwe mfukoni, si ndani ya kasha, maana mizigo hukaguliwa njiani. Msimu wa mvua usipange kurudisha kitu kwa haraka: Novemba 2023 mafuriko yalifunika barabara ya Nairobi upande wa Madogo, na watu wakavuka kwa boti.

Chai imekwisha. Tupande.

3. Kadi ya grafiki

Kwingine kote hii ndiyo namba moja. Hapa ni ya tatu, na nitaitetea nafasi hiyo mbele ya kijana yeyote.

"Unataka kucheza gemu gani?" nikamuuliza.

"Zote."

"Zote si gemu, abti. Hiyo ni njaa."

Tulipotulia ikawa eFootball, GTA V na Counter-Strike 2. Kwa hizo tatu kuna kadi chache za kutaja kwa jina. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ina GB 4 na hutumia wati 75. GTX 1650 ya 2019 ina GB 4 pia, wati 75 hizo hizo, na ina nguvu zaidi. Uzuri wa hizi mbili ni kwamba wati 75 ndicho kiasi ambacho tundu la mazabodi linaweza kutoa lenyewe, kwa hiyo aina zake nyingi hazihitaji waya wa ziada kutoka pawa saplai. Tafuta zile zisizo na tundu la waya huo ubavuni. RX 580 ya 2017, yenye GB 8, inazishinda zote mbili, ila hunywa wati 185 na inadai pawa saplai ya kiume. Ukiona imeandikwa RX 580 2048SP, jua hiyo ni RX 570 iliyovaa kanzu ya kakake. Si mbaya, lakini ilipie bei ya RX 570.

Kuna kadi moja inayouzwa kwa vijana kwa sauti kubwa: GT 730 ya GB 4. Muuzaji atakuhesabia hizo GB kama mahari. Lakini GB ni mapipa tu, na chipu ndiye punda. Mapipa manne juu ya punda mgonjwa hayafiki nyumbani, na kila mtu Garissa amemwona punda huyo.

Kubwa kuliko hilo ni kadi bandia. Watu huchukua chipu kongwe, kama ya GTX 550 Ti, wakaipandikizia programu inayoiambia Windows kuwa ni 1050 Ti. Windows huamini. Gemu haiamini. Beba programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z kwenye flashi. Ikigundua udanganyifu huandika wazi kwamba kadi ni bandia. Hata bila programu, angalia matundu: familia ya GTX 10 iliachana na picha ya analogi, kwa hiyo 1050 Ti yenye tundu la buluu la VGA ni ya kushukiwa hadi ijitetee.

Na zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali? Septemba 2022 Ethereum iliacha uchimbaji wa kadi, na kadi zikamwagika sokoni duniani kote. Siziogopi. Chipu huvumilia, feni na dawa ya kupitishia joto ndizo huchoka. Mwambie muuzaji aiendeshe nusu saa kwa gemu nzito, usikilize feni, utazame joto. Kama anasema hana nusu saa, wewe huna pesa.

2. Upepo

Feni ya kompyuta haipozi chochote kupita hewa iliyo chumbani. Inachukua joto la chipu na kulimwaga kwenye hewa hiyo, basi. Kompyuta iliyojaribiwa Luthuli kwenye nyuzi 23 ikasoma 70, ukiileta chumba cha mabati cha Garissa chenye nyuzi 37 itasoma karibu 84, bila mtu kuigusa. Hizo nyuzi 14 hakuna aliyekuuzia. Zimo kwenye hali ya hewa. Na chipu ikikaribia mpaka wake, 95 au 100 kwa prosesa nyingi, hujipunguzia kasi ili isiungue. Wewe utasema gemu imeanza kukwama, utalaumu kadi, utauza kadi. Kumbe ni dari.

Kwa hiyo, kabla ya pesa, nidhamu. Kompyuta isikae sakafuni, vumbi la Garissa hutembea chini. Ipande juu ya stuli au meza, mbali na ukuta kwa shibiri moja. Feni ya kuvuta hewa ifunikwe kwa kipande cha chandarua kikuukuu, kilichofuliwa. Hunasa vumbi zito na hupitisha hewa ya kutosha. Kisafishe kila Ijumaa kabla ya kuoga kwako. Mara moja kwa mwezi fungua ubavu, piga brashi laini, na unapopuliza shikilia feni kwa kidole isizunguke.

Kompyuta ya eksi-UK, mara tu ifikapo, ibadilishwe ile dawa ya kupitishia joto iliyo kati ya prosesa na bamba la kupozea. Imekauka ikawa chokaa. Kijitubu kimoja hakizidi bei ya mlo, na nimeona kompyuta ikishuka zaidi ya nyuzi kumi kwa kazi hiyo ya dakika ishirini. Hakuna pesa nyingine kwenye orodha hii yote inayofanya kazi kubwa hivyo.

"Nikiondoa ubavu kabisa si hewa itaingia zaidi, abti?"

"Ataingia pia mjusi."

Na ndani ya gemu, funga fremu zisizidi 60. Kadi inayotoa fremu 110 kwa monita ya 60 inachoma stima kukupa usichokiona, na joto lake linabaki nawe chumbani.

1. Pawa saplai, na stima yenyewe

Tulifika hapa magharibi ikikaribia, na mpwa wangu akanionyesha chaguo lake: kisanduku cheusi kilichoandikwa wati 600 kwa herufi za dhahabu, bei ya kuku wawili.

"Kina uzito gani?"

"Chepesi sana, abti. Teknolojia mpya."

Pawa saplai nzuri ni nzito, kwa kuwa ndani yake kuna shaba na mabamba ya kupozea. Ile nyepesi imeacha vitu. Lakini mizani ni dalili tu. Ushahidi umebandikwa ubavuni. Tafuta safu ya volti 12, maana prosesa na kadi ya grafiki hulishwa hapo. Chukua ampea zake, zidisha kwa 12. Kile kisanduku cha dhahabu kilikuwa na ampea 18: mara 12, wati 216. Hizo 600 zilikuwa za wino. Pawa saplai ya kweli ya wati 450 huwa na ampea 35 hivi au zaidi kwenye safu hiyo. Alama ya 80 Plus ni ishara njema, ingawa nayo hunakiliwa. Hesabu ya ampea ifanye kila mara.

Halafu joto tena. Watengenezaji wazuri hupima wati zao kwenye nyuzi 40 au 50. Wa rahisi hupima kwenye 25. Nyuzi 25 kwetu ni za alfajiri.

Ndiyo maana pawa saplai ndiyo inayochagua kadi, wala si macho yako. Tukafanya hesabu ya mashine yake: i5-8500, wati 65. GTX 1650, wati 75. Mazabodi, RAM, diski na feni, tuseme 40. Jumla 180. Kompyuta ya OptiPlex ya kasha la wima inakuja na pawa saplai ya kiwandani ya wati 260, iliyotengenezwa kwa kazi ya ofisi ya mchana kutwa. Inatosha na kubaki. Akitaka RX 580, jumla inafika 290, na hapo lazima pawa saplai mpya, na hapo atagundua kwamba Dell na HP wana plagi zao wenyewe kwenye mazabodi, hivyo anahitaji adapta juu yake. Kadi ya bei nafuu imekuwa ghali kwa mlango wa nyuma.

Geuza pawa saplai nyuma. Kukiwa na swichi nyekundu ya 115 na 230, iwe kwenye 230. Kenya ni volti 240. Swichi ikisahauliwa kwenye 115, utasikia mlio mmoja tu, na huo mmoja unatosha.

Kisha stima yenyewe. Nje ya mji wetu kuna mtambo wa umeme wa jua wa zaidi ya megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019, na najivunia kila bamba lake. Lakini umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa, na gridi ikianguka tunaanguka nayo, kama usiku wa 25 Agosti 2023 nchi ilipozama gizani. Ndugu zetu wa Wajir na Mandera, ambako miji imetegemea mitambo ya dizeli kwa miaka, wanajua volti inavyopanda na kushuka kuliko sisi. Hatari kubwa iko pale stima inaporudi: inarudi na kishindo. Ikipotea, chomoa plagi ukutani. Ikirudi, hesabu dakika kumi. UPS ndogo ya VA 650 haitakumalizia mechi, itakupa dakika chache za kuzima kwa adabu, na itapokea kile kishindo badala ya mazabodi yako. Nunua hiyo kabla ya kadi. Ndiyo, kabla ya kadi.

Wenye sola nyumbani: ulizeni kama inveta inatoa wimbi safi. Inveta za rahisi hutoa wimbi la ngazi ngazi, na pawa saplai nyingi za kisasa hukataa kulila, zikazima ghafla. Na soketi iwe na waya wa ardhi ulio hai. Ukigusa kasha likakutekenya, huo si ukarimu wa kompyuta. Ita fundi wa umeme.

Mpwa wangu aliifuta orodha yake akaandika nyingine, kutoka chini kwenda juu: UPS, kompyuta ya kasha la wima ya kizazi cha nane yenye GB 16, SSD, GTX 1650 isiyo na tundu la waya, monita ya inchi 22, kijitubu cha dawa. Ilifika kwa basi wiki mbili baadaye, kadi ikiwa imefungwa ndani ya kikoi cha macawisi. Kwenye chenji alinunua utepe mmoja wa taa ya kijani, na mamake akauruhusu.

Ukipita Iftin ukitaka kuiona ikifanya kazi, karibu baada ya isha. Mchana inapumzika juu ya stuli, plagi imechomolewa, imefunikwa shuka.